Tathmini ya LPIC-1: Cheti cha Linux kwa fundi wa seva wa Arusha

Mwenye kampuni ya utalii ninayoihudumia, mama mmoja wa Njiro mwenye magari kumi na mawili na maneno machache, alikishika cheti changu kwa vidole viwili, akakisoma kuanzia juu hadi chini, kisha akaniuliza: "Sasa hiki, mwanangu, ni cha chuo gani?" Nikamjibu kwamba si cha chuo, ni cha taasisi yenye makao yake Kanada inayoitwa Linux Professional Institute (LPI). Akataka kujua kama NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, wanakitambua. Nikasema hapana, si cheti cha aina hiyo. Akanirudishia kwa adabu, akaniomba nikaitazame printa ya mapokezi, ambayo tangu asubuhi ilikuwa inakataa kutoa hati za wageni.

Ninaanza na tukio hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu LPIC-1 hapa mjini huuliza jambo moja tu, yaani kama kitawapatia kazi, na jibu la kweli lilikuwa tayari limetolewa na yule mama. Nimekaa na cheti hiki kwa zaidi ya miaka miwili sasa. Nilikilipia mwenyewe, kwa fedha ambayo ingetosha kodi ya miezi kadhaa ya nyumba yangu ya Sakina, kwa hiyo nadhani nina haki ya kukitathmini kama mtu anavyotathmini pikipiki aliyoinunua na kuiendesha hadi tairi zikaisha.

Kwa asiyekifahamu, LPIC-1 ni ngazi ya kwanza ya vyeti vya usimamizi wa Linux, mfumo endeshi huria unaotumika kwenye seva nyingi, vinavyotolewa na taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1999. Kukipata ni lazima ufaulu mitihani miwili, wa 101 na wa 102. Kila mmoja una maswali 60 na dakika 90, yaani dakika moja na nusu kwa swali, na alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 800, ambapo kufaulu ni kuanzia 500. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu, na machache yanakutaka uandike amri au jina la faili kwa mkono wako bila kubahatisha. Bei ya kawaida nchini Marekani ni dola 200 kwa kila mtihani. Nchi nyingine zina bei zake, hivyo usimwamini anayekutajia bei ya mwaka juzi, kaangalie ya Tanzania siku unayotaka kulipa. Cheti kinadumu miaka mitano.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakifungamani na kampuni yoyote. Unaulizwa namna ya kusakinisha programu kwa njia ya Debian na kwa njia ya Red Hat pia, na hakuna anayejali ni distro gani, yaani aina gani ya Linux, unayoipenda. Mwanzoni niliona huo ni mzigo, kwa kuwa seva zangu zote zilikuwa za Ubuntu na Debian. Baadaye niliona faida yake. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, distro yake ya bure, ingefikia mwisho wake mwaka 2021, na CentOS 7 nayo ikafikia kikomo tarehe 30 Juni 2024. Mteja wangu mmoja alikuwa na seva ya tovuti ya CentOS aliyoachiwa na fundi aliyehamia Mwanza, na alipotafuta mtu wa kuihamishia kwenye AlmaLinux, distro inayofanana nayo, nilikuwa tayari nimezisoma zile kurasa za rpm, vifurushi vya programu vya njia ya Red Hat, nilizokuwa nimezinunia. Kazi hiyo peke yake ilinirudishia gharama ya mtihani mmoja.

Faida niliyoitarajia, hata hivyo, haikuwa hiyo. Mimi ni fundi niliyejifunza mwenyewe. Nilianza kwa kompyuta mbovu ya kaka yangu, nikasoma maelezo ya watu mtandaoni, nikaharibu, nikatengeneza, na baada ya miaka sita nilikuwa ninahudumia kampuni nne za utalii na hoteli moja ya Usa River. Mtu wa namna yangu anakuwa na ujuzi uliotoboka kama chekeche, kwa sababu anajua kwa undani kila kitu kilichowahi kumharibikia, na hajui kabisa kile ambacho bado hakijaharibika.

Nitatoa mfano mmoja. Mgeni kutoka Ujerumani alidai kwamba alituma uthibitisho wa malipo ya safari ya Serengeti na hakujibiwa. Dereva aliyekuwa zamu ofisini alikumbuka kwamba mgeni huyo alipiga simu saa tatu usiku kusema kwamba ametuma muda huohuo. Nikafungua kumbukumbu za seva ya barua pepe, nikatafuta kwenye 21:00, na hapakuwa na kitu, kwa hiyo nikamhakikishia bosi kwamba mgeni anadanganya. Barua ilikuwapo. Ilikuwa imeandikwa 18:00, kwa sababu seva ilikuwa inahesabu muda kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na mimi nilikuwa na mazoea ya kujumlisha saa tatu kichwani kila nilipokumbuka, na siku hiyo sikukumbuka. Sisi tunaosema saa tatu usiku huku mshale wa saa ukiwa kwenye tisa tayari tunabeba hesabu moja. Seva ilikuwa imeniongezea ya pili, na nilimfanya mtu mwadilifu aonekane mwongo mbele ya watu waliokuwa wakisubiri fedha yake.

Katika orodha ya malengo ya mtihani wa 102 kuna lengo zima linalohusu ukanda wa saa na lugha ya mfumo, na jingine linalohusu kusawazisha saa ya seva na saa za mtandao. Nilipolifikia nikajikuta ninacheka peke yangu. Miaka sita nilikuwa ninaishi na tatizo ambalo amri moja ya timedatectl ingelionyesha kwa mstari mmoja. (Wapo wanaopendelea seva zibaki kwenye UTC, na wana sababu zao za msingi, kosa langu halikuwa kuchagua UTC, lilikuwa kutojua kwamba kuna kitu nimechagua.) Orodha hiyo ndiyo sehemu bora ya bidhaa hii yote. Kila lengo limepewa uzito kwa namba, na uzito wa malengo yote ya mtihani mmoja unajumlika kuwa 60, sawa na idadi ya maswali, kwa hiyo unajua mapema kwamba lengo lenye uzito wa nne litakuletea maswali kama manne. Hata lile la printa, ambalo nililiona la kizamani, limenifaa kwa yule mama wa Njiro mara nyingi kuliko lengo lingine lolote.

Hapa wauzaji wa kozi hawatapenda nitakalosema. Orodha hiyo ya malengo inapatikana bure kwenye tovuti ya taasisi, na taasisi yenyewe inatoa vitabu vya kujifunzia bila malipo. Linux ni bure, Debian ni bure, na kompyuta ya kujifunzia inaweza kuwa ile ambayo ofisi imeitupa stoo. Elimu yote ya LPIC-1 unaweza kuipata bila kulipa senti moja kwa mtoa cheti. Nilipojiuliza, basi, fedha yangu ilinunua nini, jibu lilikuwa la aibu kidogo: ilinunua hofu. Tangu siku nilipolipa na kuchagua tarehe nilisoma kila usiku kwa wiki tisa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa hiari katika miaka sita iliyotangulia. Kwa mtu mwenye nidhamu kuliko mimi, huenda hiyo ni fedha ya kupoteza.

Mtihani wa kwanza niliufanyia nyumbani kwa njia ya mtandao, chini ya uangalizi wa msimamizi wa mbali anayekutazama kwa kamera. Unapiga picha za chumba pande zote, meza inabaki tupu, simu inawekwa mbali, na mtu mwingine haruhusiwi kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa umeme: ruta niliiunganisha na betri ndogo, na kompyuta mpakato ilikuwa imejaa chaji. Sikuwa nimejiandaa kwa gari la matangazo. Katika swali la ishirini na kitu gari lenye vipaza sauti liliingia mtaani kwetu likinadi godoro, likasimama karibu na dirisha langu, na kwa muda wa maswali matatu nilikuwa ninasoma kuhusu mifumo ya faili huku nikielezwa ubora wa sponji. Msimamizi hakusema kitu. Nilipata 590.

Wa pili niliamua kuufanyia kwenye kituo cha mtihani Dar es Salaam, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 600, na mlangoni nilikaribia kurudishwa. Nilikuwa nimejisajili kwa majina mawili, lakini kitambulisho changu cha taifa kina majina matatu, na jina la katikati ndilo nililokuwa nimelitumia kama la ukoo. Kosa lilikuwa langu kwa asilimia mia, kwa kuwa maelekezo yanasema wazi kwamba jina la usajili lifanane na la kitambulisho. Pasipoti ndiyo iliyoniokoa. Anayepanga kufanya mtihani aanze na jambo hili kabla hata hajafungua kitabu, kwa maana sisi Watanzania majina yetu hubadilika mpangilio kutoka cheti cha kuzaliwa hadi cheti cha shule.

Kuhusu lugha, nilifanya kwa Kiingereza. Inasikitisha kidogo ukikumbuka kwamba Kiswahili kiliingia mapema katika programu huria. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa lugha yetu. Kwa mtihani wenyewe Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha, mradi usome polepole maswali yanayotaka majibu mawili na si moja.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama. Cheti cha kitaaluma kina kazi ya kumsaidia mtu asiyeweza kukupima mwenyewe. Mwenye hoteli hajui kama seva yake imefungwa vizuri au imeachwa wazi kama soko la Kilombero siku ya sikukuu, na kwa sababu hajui, angehitaji mtu wa tatu wa kumhakikishia. Tatizo ni kwamba mtu asiyeijua Linux hamjui pia huyo mtu wa tatu. Jina la LPI halimwambii kitu. Na yule anayeijua Linux vya kutosha kulifahamu jina hilo hana shida na cheti, kwa kuwa anaweza kukukalisha mbele ya kompyuta iliyoharibika na kukuambia uitengeneze. Nilifanyiwa hivyo Moshi, na yule bwana aliyenisaili hakukigusa cheti hadi nilipomaliza.

Waliobaki ni wa katikati: ofisa rasilimali watu wa shirika la kimataifa, kamati ya zabuni yenye jedwali la kujaza, kampuni ya nje inayotafuta fundi wa mbali na haitamwona kamwe uso kwa uso. Arusha ina watu wa katikati wengi kuliko miji mingi ya ukubwa wake, kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na mashirika yasiyohesabika yanayozizunguka. Tangu nipate cheti nimeingia katika zabuni mbili ambazo zamani nisingeruhusiwa kuomba, kwa kuwa zilitaka "cheti kinachotambulika cha usimamizi wa Linux" na shahada yangu ni ya kilimo. Moja nilishinda. Hiyo ndiyo hesabu yote. Mshahara wangu mwingine haukupanda hata shilingi.

Katika zabuni ile niliyoshinda, kilichonishangaza ni kwamba mtu alikihakiki. Kila mwenye LPIC ana namba yake na msimbo wa uhakiki, na yeyote mwenye vitu hivyo viwili anaweza kuingia kwenye tovuti ya taasisi na kuona kama cheti ni hai. Katika nchi ambayo uhakiki wa mwaka 2017 ulibaini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 wenye vyeti vya kughushi, uwezo wa kumwambia mtu "usiniamini, kahakiki mwenyewe sasa hivi" una uzito ambao huenda waliobuni utaratibu huo hawakuuwazia.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kujibu maswali hakuonyeshi kwamba mtu anaweza kufanya kazi. Nimekutana na kijana mwenye LPIC-1 ambaye hakuweza kutoka ndani ya vi, programu ya kuhariri maandishi, bila kufunga dirisha zima, ingawa vi ni lengo rasmi la mtihani. Ofisi moja ya mafunzo, ambayo sitaitaja, ilimpa maswali yaliyoibwa na majibu yake, akakariri kama aya za darasa la dini. Kwa hilo RHCSA ya Red Hat imekizidi cheti changu mbali sana. Ile ni mtihani wa vitendo wa saa tatu ambamo unapewa mashine na kazi za kufanya, bila intaneti, ukiwa na miongozo iliyomo ndani ya mfumo tu, na unatakiwa kupata alama 210 kati ya 300. Mipangilio isiyodumu baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa haihesabiwi. Rafiki yangu anayehudumia mifumo ya hospitali moja Moshi anacho, na aliniambia kwamba alitoka chumba cha mtihani akiwa amelowa jasho kama mtu aliyeshuka Mlima Kilimanjaro kwa siku moja. LFCS ya Linux Foundation nayo ni ya vitendo, saa mbili, na ada yake inajumuisha nafasi moja ya kurudia ukianguka, jambo la huruma kwa anayelipa kwa shilingi. Vyote viwili vinaisha muda mapema kuliko LPIC-1: RHCSA baada ya miaka mitatu, LFCS baada ya miwili.

Kama ningeanza upya na ningekuwa natafuta ajira ya kudumu katika benki au kampuni ya simu, ningelipia RHCSA. Kwa fundi wa kujitegemea mwenye wateja wadogo wa distro mbalimbali, bado ningechagua LPIC-1, kwa sababu ya ile orodha.

Watengenezaji wa programu huniambia kwamba katika ulimwengu wa programu huria cheti hakina maana, kwa kuwa kazi yako iko wazi na kila mtu anaweza kuisoma. Wanasema kweli. Aliyechangia msimbo kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara yetu ya Afya, hahitaji karatasi, kwani mchango wake una jina lake na tarehe. Kazi yangu mimi iko ndani ya seva za watu, nyuma ya nywila, na ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Siwezi kumwonyesha mteja mpya barua pepe ambazo hazikupotea. Kwa msimamizi wa mifumo, cheti kinaziba pengo ambalo mtengenezaji wa programu hanalo, na wanaotuchanganya makundi haya mawili hutoa ushauri unaofaa kundi lao tu.

Ninakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu moja nimeiondoa kwa maswali ya mambo ambayo sijayaona kwenye seva hai kwa muda mrefu, kama SysV init, njia ya zamani ya kuwasha mfumo, na moja nzima kwa kukosa vitendo.

Mwezi uliopita binti mmoja anayefanya mazoezi ya kazi ofisini kwetu, mwanafunzi wa ufundi, aliniambia kwamba mjomba wake yuko tayari kumlipia mtihani. Nimemwomba amwambie mjomba asubiri. Nimempa kompyuta ya stoo yenye Debian na orodha ya malengo niliyoichapa kwenye ile printa ya mapokezi, na tumekubaliana kwamba kila lengo atakaloliweza kwa mikono, bila kuangalia popote, atalikata kwa kalamu nyekundu mbele yangu. Amefika lengo la 103.7, anapambana na grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Jana alinifuata akaniambia, "Kaka, hii nukta moja imenikalisha tangu saa nne." Ilikuwa saa tisa alasiri, na saa ya ile kompyuta ya Debian ilikuwa inasoma 12:00.